Dansala za Vesak mjini Colombo: maoni ya mpishi wa shughuli

Kazi yangu ni kupikia shughuli. Harusi, maulidi, hitima, mahafali ya watoto, hapa Tanga ukiuliza utaelekezwa kwangu. Ndiyo maana nikifika penye chakula cha watu wengi sitazami sahani tu. Natazama jiko limewekwa wapi, anayepakua ni nani, foleni inatembea au imeganda, na kubwa kuliko yote, natazama kama mtu wa mwisho anapata kile kile alichopata wa kwanza. Hapo ndipo shughuli nyingi zinapoaibika. Kwa vigezo hivyo sijaona huduma ya chakula inayozishinda dansala za sikukuu ya Kibudha ya Vesak mjini Colombo, Sri Lanka, na nasema hivyo nikijua kwamba pale hakuna aliyelipa wala aliyelipwa.

Dansala ni banda la kugawa chakula bure. Siku za Vesak mabanda haya yanajengwa kila upande: mbele ya maduka, kwenye viwanja vya shule, nje ya ofisi, hata kwenye vichochoro vyenye nyumba chache tu. Wa mtaa mmoja wanachanga, wafanyakazi wa ofisi moja wanachanga, madereva wa bajaji wa kijiwe kimoja wanachanga, kisha wanapika na kumpa kila apitaye. Hakuna kadi, hakuna orodha ya waalikwa. Huulizwi dini wala kabila. Wengine wanapika wali, wengine wanagawa mkate na adesi, wengine dengu za kuchemsha zilizokaangwa na nazi na pilipili kavu, wengine muhogo, wengine vinywaji tu. Usiku mmoja ukitembea kwa miguu utashiba kabla hujamaliza barabara moja.

Mimi nilifikia kwa mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi kwenye kampuni ya meli hapo bandarini. Jirani yake ni mama wa Kisinhala, kabila kubwa kuliko yote Sri Lanka, ambaye mtaa mzima unamwita Akka, dada mkubwa, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye akaniita Nangi, mdogo wake. Huyo ndiye aliyenipokea na kunizungusha, na mengi ninayoyaandika hapa nimeyapata kwake.

Kwanza sikukuu yenyewe, maana bila kuielewa utadhani ni maonyesho ya taa. Vesak ni siku ya mwezi mpevu wa Mei. Wabudha wa Sri Lanka wanakumbuka mambo matatu kwa pamoja: kuzaliwa kwa Buddha kule Lumbini, kupata kwake nuru chini ya mti huko Bodh Gaya, na kufariki kwake Kushinagar. Asubuhi watu wanavaa nyeupe tupu na kwenda hekaluni. Wengi wanashika masharti manane kwa siku nzima, na mojawapo ni kutokula chakula baada ya saa sita mchana. Akka aliyashika. Alikaa hekaluni tangu alfajiri, akarudi jioni masharti yake yakiwa yamekwisha, akabadilisha nguo, akaenda moja kwa moja kwenye banda la mtaa wao kupakua wali. Alipakua mpaka foleni ikakatika. Ndipo akala. Nilimtazama kwa makini kwa sababu najua mpakuaji mwenye njaa anavyokuwa, mkono unakuwa mwepesi kwa ndugu na mzito kwa wageni. Wa kwake haukubadilika.

Pale hekaluni mtu anatoa vitu vitatu mbele ya sanamu ya Buddha: maua, ubani na taa. Taa ni kikombe kidogo cha udongo chenye mafuta ya nazi na utambi wa pamba. Nilimuuliza Akka taa maana yake nini, akaniambia ujinga ni giza, na mafundisho ya Buddha ndiyo yanayoliondoa. Kisha akaninyooshea kidole maua ya jana yaliyokwisha kunyauka.

"Ua linanyauka, Nangi, na mafuta yakiisha taa inazimika. Na sisi hivyo hivyo. Ndiyo maana tunatoa wakati tunacho."

Sasa chakula. Banda la mtaa wa Akka lilikuwa la wali. Jiko liliwekwa nyuma, mbali na foleni, upande ambao upepo unaupeleka moshi mbali na watu, na hilo peke yake lilinifurahisha, kwa sababu wengi hawalifikirii mpaka bibi harusi aanze kukohoa. Waliopika ni wanaume wa mtaa, vifua wazi kwa joto la kuni. Hawakupika wali wote kwa mara moja. Walipika kwa mikupuo, sufuria moja ikipakuliwa nyingine ikikaushwa na ya tatu maji yakichemka, hivyo aliyekuja saa tatu usiku alikula wali wa moto kama aliyekuja magharibi. Mchele ni ule wanaouita samba, punje ndogo za mviringo, ukipikwa vizuri hauvurugiki. Ulipikwa vizuri.

Juu yake walitia adesi nyekundu za tui la nazi, mchuzi wa viazi, bilinganya zilizokaangwa kisha zikatiwa siki na haradali, soya iliyotengenezwa mfano wa nyama, na papadamu moja pembeni, ule mkate mwembamba mkavu wa kukaangwa. Nianze na adesi kwa sababu ndizo zinazompima mpishi. Zilichemshwa na manjano na kitunguu, tui zito likaingia mwisho kabisa bila kuachwa likatike. Pembeni, kwenye karai, walikaanga mbegu za haradali, pilipili kavu, kitunguu na majani ya mchuzi mpaka yakapasuka, wakamimina yote juu ya sufuria na kufunika hapo hapo. Harufu ile ilifika barabarani. Niliona dereva wa bajaji akisimamisha chombo katikati ya njia, na abiria wake wala hakulalamika, akashuka naye. Soya haikunikolea, ilikuwa na ule utafunaji wa sponji, lakini wenyeji waliirudia. Bilinganya ningeiba mapishi yake leo hii.

Sahani ilikuwa ya plastiki, imevishwa karatasi ya nailoni. Ukimaliza unaivua nailoni unaitupa, sahani inavishwa nyingine. Kwa kasi ya foleni ni ujanja mkubwa, hakuna kuosha wala kusubiri. Kwa mazingira ni jambo baya, na nitalirudia.

Kitu kimoja nataka wenzangu wa kazi hii wakisikie. Anayekupa sahani anaishika kwa mikono miwili, anainama kidogo, na anafurahi kuliko wewe. Vijana wamesimama barabarani wakipepea bendera na kuita "enna, enna," njooni, njooni, wanasimamisha magari na mabasi kama wanaomba msaada. Basi likijaa na halina muda, chakula kinapitishwa madirishani. Katika imani yao anayetoa ndiye anayepata thawabu, kwa hiyo mpokeaji amemfanyia hisani kwa kukubali kula. Sisi nasi tunaijua thawabu ya kulisha, mwezi wa Ramadhani watu wanagombea kufuturisha, kwa hiyo jambo lenyewe halikuwa geni kwangu. Kilichonigusa ni kuona adabu hiyo ikishikwa na vijana wa miaka kumi na minne, saa nyingi, mbele ya maelfu ya watu wasiowajua, bila mkubwa yeyote kuwasimamia.

Usafi pia. Dansala haifunguliwi kiholela. Wanaoiandaa wanatakiwa kujiandikisha kwa afisa wa afya wa eneo lao, na huyo anakagua maji, vyombo na wapishi wenyewe. Pale kwa Akka wapakuaji wote walivaa kofia na glavu, maji ya kunywa yalikuwa kwenye mapipa yenye bomba, hakuna aliyechota kwa kikombe. Nilimpigia makofi moyoni huyo afisa, yeyote awaye.

Kilichonishinda nguvu, hata hivyo, hakikuwa wali. Kilikuwa muhogo. Mitaa michache kutoka kwetu kikundi cha vijana kilikuwa kinagawa muhogo wa kuchemsha na nazi mbichi iliyokunwa, na juu yake kachumbari yao ya pilipili nyekundu, kitunguu kidogo, chumvi na ndimu, vyote vimesagwa kwenye jiwe mpaka vikawa uji mzito. Mimi nimekulia muhogo. Najua wa nazi, wa kukaanga, wa kuchoma wenye chumvi na pilipili pale ufukweni. Huu ulikuwa umechemshwa na manjano kidogo, umechanua, unamenyeka kwa vidole lakini haujawa ugali, na chumvi imeingia mpaka kwenye uzi wa katikati. Nazi ilikuwa imekunwa muda ule ule, bado ina utamu wa maji. Unachovya kipande kwenye pilipili, unakibingirisha kwenye nazi, unatia mdomoni. Jasho linatoka, machozi yanatoka, na mkono unarudi sahanini wenyewe. Mdogo wangu akanivuta: "Dada, kuna sehemu nyingine, twende." Nikamwambia atangulie.

Vinywaji vyao ni vya kuheshimiwa. Mahali pamoja walitoa giligilani iliyochemshwa na tangawizi, ya moto, bila sukari, na pembeni kipande cha sukari guru ya mti wao wa kitul. Unang'ata kidogo, unapiga funda. Baada ya pilipili ile ilikuwa dawa.

Aiskrimu nitaisema kwa kifupi. Mabanda ya aiskrimu ndiyo yenye foleni ndefu kuliko yote, na banda nililopanga foleni mimi halikuwa na utaratibu. Watoto walisukumana, wakubwa wakapenya kwa ubavu, na aiskrimu ilipofika mkononi ilikuwa maji ya rangi ya waridi. Vikombe vilizagaa chini mpaka viatu vikawa vinanata. Kama una watoto wanaolia, kapange. Kama huna, pita.

Swali ambalo Waislamu wenzangu wataniuliza ni la halali. Siku za Vesak maduka ya nyama yanafungwa, machinjio yanafungwa, na maduka ya pombe nayo yanafungwa. Karibu kila nilichokiona mezani kilikuwa mboga, nafaka na nazi. Uliza kwanza, watakujibu bila kuona vibaya. Mimi nilikula kwa amani. Colombo ina Waislamu wengi, na nilikuta wenye maduka wa Kiislamu wakigawa maji na sharubati kwa Wabudha wanaopita.

Sasa taa, maana ndizo zinazowatoa watu majumbani. Taa zinawashwa magharibi. Kila nyumba ya Kibudha ina fanusi za karatasi mlangoni na safu ya vitaa vya udongo ukutani. Fanusi ya asili ina pembe nane: vijiti vya mianzi vilivyochongwa vyembamba na kufungwa kwa uzi, vikavishwa karatasi laini ya rangi, na chini ikaachiwa mikia inayopepea. Mtoto wa Akka alitengeneza yake mezani kwetu, gundi yake ni uji wa unga wa ngano. Alipaka kwa ncha ya kidole, ukingo kwa ukingo, na akikosea hakuchana karatasi, aliilowesha kidogo ikaachia yenyewe. Zinauzwa pia barabarani zilizokwisha tengenezwa, na nyingine sasa ni za plastiki. Nunua ya karatasi.

Kwa fanusi kubwa za mashindano nenda Hekalu la Gangaramaya na Ziwa Beira lililo jirani. Juu ya maji pale kuna Seema Malaka, jukwaa la ibada lililosanifiwa na Geoffrey Bawa, na taa zinazoelea kando yake zinafanya maji yote yaonekane yanawaka. Pazuri sana, na pamejaa sana. Barabara ya Bauddhaloka Mawatha ina upana zaidi, mwenye mtoto mgongoni au mzee wa kumshika mkono atapumua. Utakutana pia na malori yaliyobeba kwaya za wasichana waliovaa nyeupe, wakiimba nyimbo za ibada polepole huku gari likijongea. Simama uwasikilize wamalize.

Halafu kuna thorana. Hizi ni kuta za mbao ndefu kuliko ghorofa kadhaa, zimejaa michoro na maelfu ya balbu za rangi zinazowaka na kuzima kwa mpangilio, na kila mchoro ni sehemu ya kisa kimoja cha maisha yaliyopita ya Buddha. Msimulizi anakieleza kwa spika, nusu kwa kusema nusu kwa kuimba. Wageni wengi wanapiga picha na kuondoka. Mimi nawashauri mbaki mpaka mkielewe kisa. Tuliyoitazama sisi ilikuwa ya Vessantara, mwana wa mfalme aliyeapa kutomnyima mtu kitu. Alitoa tembo mweupe aliyeiletea nchi yake mvua, watu wakakasirika, akafukuzwa. Porini akatoa watoto wake wawili kwa mzee aliyewaomba, kisha akamtoa hata mke wake. Mwishoni wote wanarudishwa. Nilikataa pale pale, nikamwambia Akka mimi mzazi siwezi kukikubali kisa hicho. Akasema hata wao kinawauma, na kinasimuliwa kwa sababu kinauma: kutoa kusikogharimu kitu hakujakufundisha chochote. Mbele ya ukuta ule, chini ya balbu zile, kulikuwa na banda la mkate na adesi, na waliokuwa wanahudumu ni madereva wa bajaji waliopoteza mapato ya usiku wenye abiria wengi kuliko usiku wowote. Nikaelewa kwa nini taa na chakula havitenganishwi Vesak. Ukiangalia taa ukapita bila kula, umeona nusu.

Bendera inayopepea kila mahali ina mistari ya buluu, njano, nyekundu, nyeupe na ya chungwa. Ilipandishwa mara ya kwanza siku ya Vesak mwaka 1885, hapo hapo Colombo, mwaka ambao serikali ya kikoloni ya Waingereza ilikubali kuirudisha Vesak kuwa siku ya mapumziko baada ya Wabudha kuidai. Mwaka 1999 Umoja wa Mataifa nao ukaitambua rasmi siku hii. Akka analijua hilo la 1885 kama sisi tunavyojua Uhuru.

Mapungufu niliyoyaona nayasema wazi. Takataka ndilo kubwa. Nailoni za sahani na vikombe vya plastiki vinalundikana, na kwenye mabanda mengi pipa lilikuwa moja na limeshajaa. Nchi yenye migomba kila ua haina sababu ya kuvisha sahani nailoni. Jani la mgomba lingefanya kazi ile ile, na kwenye baadhi ya mabanda madogo nililiona likitumika. La pili ni spika. Thorana na dansala zikikaribiana, kila mmoja anaongeza sauti ili amshinde mwenzake, na wazee wanateseka. La tatu ni usafiri. Magari yanaganda. Dereva mmoja wa bajaji alitutajia nauli mara tatu ya kawaida, tukashuka tukatembea, na kwa kweli kutembea ndiyo njia yake.

Kwa anayepanga safari: tarehe inafuata mwezi, hivyo inahama. Mwaka 2024 ilikuwa 23 Mei, mwaka 2025 ikawa 12 Mei. Siku ya Vesak na inayofuata zote ni mapumziko, na usiku wa pili dansala bado zipo na umati umepungua kidogo. Mwenye wazee aje usiku huo. Vaa nyeupe au rangi ya upole, funika mabega na magoti ukiingia hekaluni, na viatu vinavyovulika haraka. Usipige picha ukiwa umeipa mgongo sanamu ya Buddha, wanalichukulia kwa uzito sana. Mei mvua za kusi zinaanza upande ule, beba mwavuli. Usile chakula cha jioni nyumbani.

Akka alifurahi mno nilipomwambia kwamba Dar es Salaam, Upanga, kuna hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinhala waliohamia kwetu zamani, na mti wa Bodhi, wa aina ile ile ya mti ambao Buddha alipata nuru chini yake, umo uani. Alinishika mikono yote miwili akaniuliza kama unastawi. Nikamwambia unastawi.

Ukiguswa ukataka kutoa chochote, usimpe mpakuaji noti mkononi. Nenda asubuhi ya siku ya pili kwenye banda la mtaa ulipofikia, uliza kama wanahitaji mtu. Wanahitaji. Mimi nilipewa kazi ya nazi. Mbuzi wao wa kukunia anakaa kama wetu, wengine wa kukalia, wengine wa kufunga mezani kwa skrubu na kuzungusha mpini. Nilichagua wa kukalia. Tulikuna wanawake sita mpaka jua likawa kali, tui la kwanza tukalitenga kwa ajili ya adesi, na zamu hii walinipa mwiko nizimiminie viungo mwenyewe.